Kubisha Hodi Mississippi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu SNCC na Uandikishaji wa Wapiga Kura

Nikizungumza na watu juu ya harakati za haki za kiraia Marekani, maswali mengi humhusu Martin Luther King na hotuba zake. Ni haki yake. Lakini kuna kundi la vijana waliotembea kwa miguu kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi, wakibisha hodi mlango hadi mlango, wakiwauliza watu wazima kama wako tayari kwenda kujiandikisha kupiga kura. Majibu yaliyo hapa chini ni ya maswali ninayoulizwa mara nyingi kuhusu vijana hao. Baadhi ni marefu, kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kuelezwa kwa mkato.

SNCC ilikuwa shirika gani?

Kwa Kiswahili tungeweza kuiita Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Harakati Bila Vurugu. Wenyewe walifupisha jina na kulitamka "Snik". Ilizaliwa Aprili 1960 katika Chuo Kikuu cha Shaw, mjini Raleigh, North Carolina, wiki chache baada ya wanafunzi wanne weusi kuketi kwenye kaunta ya chakula ya wazungu mjini Greensboro na kukataa kuinuka. Aliyewaita vijana kwenye mkutano huo alikuwa Ella Baker, mama wa miaka 56, aliyekuwa amezunguka majimbo ya Kusini kwa miaka mingi akijenga matawi ya NAACP, shirika kongwe la kutetea haki za watu weusi.

Wakubwa kadhaa walitaka vijana wawe tawi la shirika lililokuwapo tayari. Mama Baker akawahimiza wasimame kwa miguu yao. Aliamini kwamba kiongozi mmoja mkubwa anaweza kuuawa, kununuliwa au kuchoka, lakini kijiji kilichojifunza kujisimamia hakizimwi kirahisi. Ukitaka kuielewa SNCC, anza na imani hiyo ya mama huyo.

Watu weusi Marekani si walikuwa raia? Walihitaji shirika la kuwaandikisha kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mwenye kuliuliza ana haki. Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1870, yanakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huohuo Mississippi ilimpeleka Washington Hiram Revels, seneta wa kwanza mweusi katika historia ya nchi hiyo. Haki ilikuwapo, tena ilitumika.

Kisha ikaondolewa kwa kalamu. Mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya ya jimbo. Humo hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu mweusi asipige kura. Kilichoandikwa ni kwamba mpiga kura alipe kodi ya kura, dola 2 kwa mwaka, na aonyeshe risiti za miaka miwili. Hii si kodi ya kichwa ambayo babu zetu walidaiwa na wakoloni, ingawa ukali wake kwa maskini ulifanana. Aidha mpiga kura aweze kusoma kifungu cha katiba, au akisomewa aweze kukieleza. Baadaye, katika miaka ya 1950, sheria ikakazwa: asome, aandike na aeleze, yote kwa pamoja.

Tazama jinsi ilivyokuwa mbele ya meza. Mtu anaingia ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti. Anapewa fomu ya maswali 21: jina, makazi, kazi, mwajiri. Mwajiri! Kwa anayelima pamba kwenye shamba la mzungu, kujaza nafasi hiyo ni sawa na kujishtaki mwenyewe. Halafu karani anachagua kifungu kimoja katika vifungu 285 vya katiba ya jimbo. Mwombaji akinakili kwa mwandiko wake, kisha aandike maana yake kwa maneno yake. Anayeamua kama maelezo yanatosha ni karani huyohuyo, peke yake, wala halazimiki kutaja kosa. Mwalimu mweusi mwenye shahada angeweza kuambiwa ameshindwa, na mzungu asiyejua kusoma vizuri akapita.

Kufikia 1962 ikaongezwa sheria nyingine: majina ya walioomba yachapishwe gazetini wiki mbili mfululizo. Kisingizio kilikuwa kwamba wananchi wapate nafasi ya kupinga tabia ya mwombaji. Matokeo yalikuwa kwamba mwenye shamba, mwenye benki na mwenye bunduki wote walijua nani alikwenda mahakamani.

Kwa hiyo shida haikuwa ukosefu wa fomu, wala watu kutojali. Kila mlango ulikuwa na mlinzi.

Kwa nini walichagua Mississippi?

Kwa sababu palikuwa pabaya kuliko kwingine. Watu weusi walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wakazi wa jimbo, na katika kaunti nyingi za eneo la Delta walikuwa wengi kuliko wazungu. Hata hivyo, karibu na mwaka 1965 ni asilimia 6.7 tu ya watu wazima weusi waliokuwa kwenye daftari la wapiga kura.

Lakini kuna sababu nyingine ninayoipenda zaidi: waliitwa. Mwaka 1960 Bob Moses, mwalimu wa hisabati mzaliwa wa Harlem, New York, alitumwa Mississippi kutafuta vijana wa kuhudhuria mkutano. Mjini Cleveland, Mississippi, akakutana na Amzie Moore, askari wa zamani wa Vita vya Pili vya Dunia na kiongozi wa NAACP. Moore hakuvutiwa sana na habari za kukaa kwenye kaunta za migahawa. Alimwambia kijana yule kwamba huku kinachohitajika ni kura. Moses akasikiliza, akarudi mwaka uliofuata. Vijana hawakuleta mpango wao mfukoni na kuwabandika wenyeji. Mpango ulitoka kwa mzee wa hukohuko.

Walitofautiana vipi na NAACP na shirika la King?

NAACP, iliyoanzishwa 1909, nguvu yake ilikuwa matawi ya wanachama na mahakama. SCLC, shirika la King la mwaka 1957, liliegemea makanisa na maandamano makubwa. SNCC walihamia kijijini na kukaa. Mwaka 1962 mashirika hayo pamoja na CORE, shirika jingine la haki za kiraia, yaliunganisha kazi zao za Mississippi chini ya mwavuli ulioitwa COFO, ili fedha na watu visigombaniwe. Walikuwa na mivutano yao, lakini mashinani mara nyingi mtu mmoja alikuwa mwanachama wa NAACP, mwenyeji wa SNCC na mshirika wa kanisa, vyote kwa mpigo.

Siku ya kazi ilikuwaje?

Ya kuchosha, na sehemu kubwa haikuwa na la kusimulia. Asubuhi unatoka wawili wawili, umevaa suruali ya jinzi ya mfanyakazi wa shamba ili usimtishe mtu kwa suti. Unabisha hodi. Mama anafungua nusu mlango. Hukimbilii kutaja kura. Unauliza hali, watoto, mavuno. Ukimkuta anachuma pamba, unachuma naye huku mkizungumza. Anakuambia atafikiria. Kesho kutwa unarudi. Wiki ijayo unarudi tena. Wengine walirudiwa mara kumi kabla ya kukubali kuja hata kwenye mkutano wa usiku kanisani.

Mkutanoni watu waliimba kwanza. Nyimbo zilikuwa za kanisani, maneno yakabadilishwa kidogo. Kisha fomu ile ya maswali 21 ikafunguliwa, wakafundishana swali kwa swali, kifungu kwa kifungu. Mbinu hii ilikuwa imekwisha kujaribiwa South Carolina, ambako tangu 1957 Septima Clark na Bernice Robinson waliendesha madarasa ya uraia kwa watu wazima wa visiwani. Bernice Robinson alikuwa msusi, hakuwa mwalimu wa kusomea. Alianza kwa kuwauliza wanafunzi wake wanataka kujua nini. Wakamjibu: kuandika majina yetu, kusoma Biblia, kujaza fomu ya kuagizia bidhaa. Akaanzia hapo, na katiba ikafuata.

Kisha ndiyo kilele cha kazi, siku ya kwenda mahakamani. Sisi tuna desturi ya kumsindikiza mgeni: humwachi mlangoni, unatoka naye mpaka njiani. Kazi ya SNCC, ukiniuliza mimi, ilikuwa kusindikiza. Kijana alitembea na mzee mpaka kwenye ngazi za mahakama, akamngojea nje juani huku polisi wakimwandama, akarudi naye nyumbani. Na usiku, pale gari lisilojulikana lilipopunguza mwendo mbele ya nyumba ile, kijana alikuwa bado yumo ndani.

Jambo moja dogo linalonigusa: kabla ya safari yoyote mfanyakazi alipiga simu ofisini kutaja anakoenda na saa atakayofika. Akifika, anapiga tena. Simu isipolia, ofisi ilianza kupiga kila jela na kila hospitali ya njiani.

Walilipwa?

Dola 10 kwa wiki. Baada ya kodi zilibaki dola 9 na senti 64, na kuna wiki hazikuja kabisa. Walikula walikokaribishwa.

Waliishi wapi, na nani aliwalinda?

Nyumbani kwa wenyeji. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mississippi ilikuwa kinyume, mgeni alipona kwa sababu ya mwenyeji. Wakulima wachache waliomiliki ardhi yao, ambao hakuna bwana shamba aliyeweza kuwafukuza, ndio waliokuwa nguzo. Wengi wao walikesha barazani na bunduki mapajani. Shirika lilikuwa na neno "bila vurugu" kwenye jina lake, na vijana wengi waliliamini kwa dhati, lakini hawakuwa na ubavu wa kumwambia mwenye nyumba asiilinde familia yake. Na mlezi mkuu karibu kila mji alikuwa mama wa makamo aliyepika, aliyetafuta vitanda, aliyejua nani wa kuaminiwa. Historia iliyoandikwa haraka huwasahau akina mama hawa.

Fannie Lou Hamer alikuwa nani?

Alizaliwa 1917, kitinda mimba katika familia ya watoto 20 ya wakulima waliolima shamba la mtu kwa mgawo wa mavuno. Alianza kuchuma pamba akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1962, akiwa na miaka 44, alikuwa mtunza kumbukumbu za saa za kazi kwenye shamba karibu na mji wa Ruleville. Alihudhuria mkutano wa SNCC kanisani, akasikia kwa mara ya kwanza kwamba ana haki ya kupiga kura. Walipoulizwa nani yuko tayari kwenda, akanyoosha mkono.

Tarehe 31 Agosti 1962 kundi la watu 18 lilipanda basi la zamani kwenda Indianola, makao makuu ya kaunti. Hamer akapewa kifungu kinachozungumzia aina fulani ya sheria zenye jina la Kilatini. Baadaye alieleza kwamba juu ya sheria hizo alijua kiasi kile farasi anachojua kuhusu sikukuu ya Krismasi. Akashindwa mtihani, kama wenzake.

Wakiwa njiani kurudi, polisi wakasimamisha basi. Kosa? Rangi. Basi lilikuwa la njano mno, eti lingeweza kudhaniwa ni basi la shule. Dereva akatozwa faini ya dola 100, ikapunguzwa mpaka 30, na abiria wakachanga kutoka mifukoni mwao. Wakati wakisubiri, hofu imetanda, watu hawajui kama watalala jela, sauti moja ikaanza kuimba kutoka ndani ya basi. Ilikuwa ya Hamer. Watu wa SNCC waliokuwapo walitambua saa ileile kwamba wamempata mtu.

Alipofika nyumbani, mwenye shamba alikwisha pata habari. Akamtaka aondoe ombi lake, la sivyo aondoke. Hamer akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Akaondoka usiku ule, baada ya miaka 18 kwenye shamba lile. Siku kumi baadaye nyumba ya marafiki waliompokea ikapigwa risasi. Mwezi Januari 1963 akarudi Indianola, akafaulu. Alipokwenda kupiga kura akaambiwa hana risiti za miaka miwili za kodi.

Juni 1963, akitoka kwenye mafunzo, alikamatwa katika mji wa Winona na kupigwa gerezani mpaka figo zake zikaumia moja kwa moja. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1977.

Ni kweli watu waliuawa kwa sababu ya kujiandikisha?

Ni kweli, na majina yao yanastahili kutajwa. Herbert Lee, mkulima na baba wa watoto tisa aliyewaendesha vijana wa SNCC kwa gari lake, alipigwa risasi mchana kweupe tarehe 25 Septemba 1961 kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Aliyempiga alikuwa mbunge wa jimbo, akaachiwa huru. Louis Allen, aliyeshuhudia na kuja kusema ukweli, aliuawa Januari 1964. Medgar Evers wa NAACP aliuawa mbele ya nyumba yake tarehe 12 Juni 1963.

Na Vernon Dahmer wa Hattiesburg. Alikuwa mkulima mwenye ardhi na duka, kiongozi wa NAACP aliyewapokea vijana wa SNCC shambani kwake. Januari 1966 alitangaza redioni kwamba anayetaka kulipa kodi ya kura anaweza kuilipa dukani kwake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 nyumba yake ikachomwa moto. Alisimama mlangoni akijibu risasi ili mkewe na watoto watoke kwa nyuma. Mapafu yake yaliungua, akafa siku hiyo. Tarehe 24 Machi mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kodi ya kura ni kinyume cha Katiba hata katika chaguzi za majimbo. Miezi miwili na nusu tu.

Zaidi ya kuandikisha, walitetea nini?

Walitetea chochote kilichotumiwa kumwadhibu mpiga kura. Mfano ulio wazi ni Greenwood. Majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963, uongozi wa kaunti ya Leflore ulisitisha mgao wa chakula cha ziada cha serikali kuu. Zaidi ya watu 20,000 walikuwa wakikitegemea baada ya msimu wa pamba kwisha. Ujumbe ulieleweka: mkitaka kura, mtakula kura.

SNCC wakageuka wabebaji wa magunia. Chakula na nguo zikakusanywa Chicago na miji mingine ya Kaskazini, zikasafirishwa kwa malori na ndege. Kilichofuata wakubwa wa kaunti hawakukitarajia. Watu waliopanga foleni ya unga waliona kwa macho yao kwamba mgao na kura ni jambo moja, wakaanza kwenda mahakamani kwa makundi. Februari 1963 kijana Jimmy Travis alipigwa risasi ya shingo akiendesha gari karibu na Greenwood, akapona. Wafanyakazi wa mashirika yote wakamiminika mjini humo badala ya kukimbia.

Utetezi mwingine ulikuwa wa karatasi: kuandika kwa kiapo kila tukio, nani, wapi, saa ngapi, na kuvipeleka viapo hivyo Wizara ya Sheria huko Washington. Wizara ilifungua kesi kadhaa, ingawa kwa mwendo uliowakatisha vijana tamaa.

Kama karani aliwakataa karibu wote, kazi si ilishindwa?

Ukihesabu majina daftarini, ndiyo, matokeo yalikuwa duni. Mwaka 1964 watu weusi kama 17,000 walijaribu kujiandikisha Mississippi, wakakubaliwa kama 1,600. Mradi wa taifa uliofadhili uandikishaji ulikuwa umekwisha kata fedha za Mississippi mwishoni mwa 1963, kwa sababu dola nyingi zilitumika na majina machache yakapatikana.

Naona wafadhili wale walihesabu kitu kisicho sahihi. Wazungu wa jimbo walikuwa wakisema watu weusi hawajiandikishi kwa sababu hawataki siasa. Novemba 1963 COFO wakajibu kwa kupiga kura yao wenyewe, Kura ya Uhuru: masanduku yakawekwa makanisani, kwenye saluni za vinyozi na majumbani, wakasimamishwa wagombea, Aaron Henry kwa ugavana na mchungaji Edwin King kama naibu wake. Watu kama 80,000 wakapiga kura ambazo hazikuhesabika kisheria. Baada ya hapo hoja ya kutojali ilikosa miguu. Na zile 17,000 zilikuwa ushahidi, kila kukataliwa kukiwa na jina na tarehe.

Kwa nini mwaka 1964 walileta wanafunzi weupe kutoka Kaskazini?

Swali hili liliwagawa wao wenyewe. Wenyeji weusi walikuwa wakiuawa bila taifa kugeuza shingo. Watoto wa matajiri na wanasheria wa New York na California wakija, kamera zingekuja nao. Waliopinga walisema, kwa haki, kwamba wageni wenye elimu kubwa wangewanyang'anya wenyeji kazi ambayo ndiyo kwanza wamejifunza kuifanya. Mwishowe wakaja wajitoleaji kama 1,000, baada ya mafunzo huko Oxford, Ohio. Waliambiwa waje na dola 500 za dhamana.

Tarehe 21 Juni 1964 James Chaney, kijana mweusi wa Meridian, na wenzake weupe Andrew Goodman na Michael Schwerner waliuawa. Miili yao ilipatikana tarehe 4 Agosti, imefukiwa chini ya bwawa la udongo. Nchi nzima ilishtuka. Rita Schwerner, mke wa Michael, alisema waziwazi kwamba kama aliyepotea angekuwa Chaney peke yake, hakuna ambaye angemtafuta. Na wakati wa msako, miili ya vijana weusi waliouawa bila kelele zozote ilipatikana majini.

Kiangazi hicho makanisa zaidi ya 30 yalichomwa au kulipuliwa. Kiangazi hichohicho zikafunguliwa Shule za Uhuru zaidi ya 40, ambako watoto walisoma historia yao na kuandika magazeti yao.

Ule ugomvi wa Atlantic City ulihusu nini?

Chama cha Democrat cha Mississippi kilikuwa cha wazungu watupu. COFO wakaunda chama kilicho wazi kwa wote, Mississippi Freedom Democratic Party, kikafuata taratibu zote za kuchagua wajumbe, na Agosti 1964 kikaenda Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa taifa wa Democrat, kudai viti. Tarehe 22 Agosti Hamer alitoa ushahidi mbele ya kamati, moja kwa moja kwenye televisheni, akasimulia basi, shamba na kipigo cha Winona. Rais Lyndon Johnson akaitisha haraka mkutano wa waandishi ili kamera zimwache. Zikamwacha, lakini jioni vituo vikaurudia ushahidi wote, na watu wengi zaidi wakauona.

Walipewa viti viwili visivyo vya uwakilishi wa jimbo. Wakavikataa. Hamer alisema hawakusafiri mwendo wote huo kwa viti viwili. Baadhi ya viongozi wakubwa wa harakati waliwasihi wakubali. Nadhani wajumbe wale, wengi wao wakulima waliohatarisha kila walicho nacho, walikuwa sahihi: waliombwa wakubali shukrani badala ya haki.

Na maandamano ya kudai kura ya Selma?

Wengi hudhani kazi ya Selma ilianza na King mwaka 1965. Bernard na Colia Lafayette wa SNCC walikuwa Selma, Alabama, tangu mapema 1963, wakifanya kazi pamoja na wenyeji waliotangulia. Kaunti hiyo ilikuwa na watu weusi kama 15,000 wenye umri wa kupiga kura, na walioandikishwa walikuwa kama 300. Tarehe 7 Machi 1965 waandamanaji kama 600 walishambuliwa na polisi kwenye daraja la Edmund Pettus. John Lewis, mwenyekiti wa SNCC, alipasuliwa fuvu. Alikwenda kwa hiari yake, kwa kuwa kamati haikuyaunga mkono maandamano yale.

Tarehe 6 Agosti 1965 Sheria ya Haki za Kupiga Kura ikatiwa saini. Mitihani ya kusoma ikasimamishwa, maofisa wa serikali kuu wakaruhusiwa kuandikisha watu wenyewe, na majimbo yenye historia ya ubaguzi yakatakiwa kuomba kibali kabla ya kubadili sheria yoyote ya uchaguzi. Mississippi ikatoka asilimia 6.7 hadi karibu 60 kufikia 1967.

Alama ya chui mweusi, iliyokuja kujulikana kwa chama cha Black Panther, ilitoka kwao?

Ndiyo. Kaunti ya Lowndes, Alabama, karibu asilimia 80 ya watu walikuwa weusi, na mwanzoni mwa 1965 hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye daftari. Wenyeji pamoja na Stokely Carmichael wa SNCC waliunda chama chao. Sheria ya Alabama ilitaka kila chama kiwe na alama, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Chama cha Democrat cha jimbo kilikuwa na jogoo mweupe, na maneno ya ukuu wa wazungu juu yake. (Wakenya wa rika fulani watakuwa wamemkumbuka jogoo mwingine, wa KANU.) Watu wa Lowndes wakachagua chui mweusi. Walishindwa uchaguzi wa 1966. Mwaka 1970 mmoja wao, John Hulett, akawa sherifu wa kaunti.

SNCC bado ipo?

Hapana. Uchovu, misuguano ya ndani, madeni na shinikizo la serikali viliimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Je, haki ile sasa iko salama?

Sehemu yake ilibomolewa. Tarehe 25 Juni 2013 Mahakama Kuu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilifuta kipimo kilichoamua ni majimbo gani yaombe kibali. Siku hiyohiyo Texas ikatangaza kwamba itaanza kutekeleza sheria ya vitambulisho vya picha iliyokuwa imezuiwa. Mashirika ya haki za kiraia yamerudi kwenye kazi inayofanana sana na ile ya zamani: kuwaandikisha watu, kuwakumbusha wakague kama majina yao bado yamo, kuwasafirisha siku ya kura, kupeleka kesi mahakamani. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa bila kumpigia debe mgombea yeyote, kwa sababu shirika la hisani likifanya hivyo linaweza kupoteza msamaha wake wa kodi.

Nimesikia Bob Moses aliishi Tanzania. Ni kweli?

Ni kweli. Na hakuwa kiungo pekee kati yao na sisi. Desemba 1963, mara tu baada ya uhuru wa Kenya, vijana wa SNCC walimtembelea Oginga Odinga hotelini Atlanta. Walipotoka wakaingia mgahawa jirani, wakanyimwa huduma na kukamatwa. Wakatunga wimbo wenye jina lake, ukaimbwa kwenye mikutano ya Kusini. Mwaka 1964 John Lewis na mwenzake walipita Nairobi na, bila kupanga, wakakutana na Malcolm X.

Moses mwenyewe alikuwa amechoka kuonwa kama nabii. Alipoitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam alikwenda Kanada, na mwaka 1969 akaja Tanzania pamoja na mkewe Janet. Walifundisha Same, mkoani Kilimanjaro, yeye hisabati, mpaka 1976. Baadhi ya watoto wao walizaliwa huko na kupewa majina ya Kiswahili.

Aliporudi Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aligundua kwamba shule ya binti yake haifundishi aljebra. Akaomba kuingia darasani kuifundisha mwenyewe. Kutoka darasa hilo ukazaliwa Mradi wa Aljebra, ambao ulirudi hadi Mississippi, kwa watoto na wajukuu wa watu aliowasindikiza mahakamani. Alifariki tarehe 25 Julai 2021, akiwa na miaka 86.